Herufi Nilizodhani Rahisi

Zimebaki wiki mbili, na daftari langu limejaa mistari niliyoikata. Nimekubali kuwafundisha watu wazima wanane kudarizi kwa mkono, Jumamosi sita mfululizo, na hadi leo asubuhi nilikuwa sijajua siku ya kwanza nitawashikisha nini.

Mahali hapanisumbui. Tutakaa barazani kwetu hapa Ngamiani, Tanga, mkeka kwa wanaoweza kukunja miguu, viti kwa wenye magoti yaliyochoka. Wakati ndio nimeubadilisha mara tatu. Nilitaka tukutane usiku, maana wengi wanashinda kazini au sokoni, mpaka nilipojaribu mwenyewe chini ya balbu: bluu iliyokoza na kijani kilichokoza vikawa mapacha, nikamaliza jani zima la mwembe kwa uzi wa rangi ya bahari. Basi tutaanza baada ya swala ya alasiri, tufunge kabla ya adhana ya magharibi. Na bado sijasema habari ya macho. Ukishavuka arobaini, jicho linavikataa vitu vya karibu. Juzi nilijaribu kutunga uzi mara saba ndipo ukapita, sindano nimeinyoosha mbali kana kwamba inanuka. Nimeandika: sindano zenye tundu refu, na mtu asione haya kuja na miwani ya mumewe.

Kitambaa kitakuwa marikani. Ni rahisi, na nyuzi zake unaziona, unaweza hata kuzihesabu. Ila lazima nikifue kwanza, nikipige pasi, ndipo nikikate. Kikidariziwa kibichi, siku ya kufuliwa kitambaa kinasinyaa na uzi unabaki na urefu wake, ua zuri linakuwa kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Nyuzi nyekundu nazo nimezitenga. Kila uzi mwekundu nitauloweka na kuukandamiza kwenye kitambaa cheupe. Ukichuja rangi, hauingii darasani. Kilichonifurahisha ni hesabu ya uzi. Kitita kimoja kina mita 8, na ndani yake mna nyuzi sita zilizolala pamoja. Ukizigawa mbili mbili, unapata mita 24 za kudarizia. Ukikata kipande cha kiasi cha nusu mita, yaani kama kutoka ncha ya kidole hadi kiwiko, unapata vipande 48. Wageni wa kazi hii hupenda kukata uzi mrefu ili wasitunge sindano kila mara, halafu wanashinda wakifungua mafundo. Uzi ukipita kwenye kitambaa mara nyingi hivyo, unachakaa hata kabla haujafika kwenye ua.

Lakini mimi mwenyewe nilifundishwaje? Bibi yangu hakuwa akitazama ua. Alikuwa akipokea kitambaa, anakigeuza, anatazama nyuma. Akiona uzi umeruka kutoka jani hili hadi lile bila kushikizwa, au fundo limevimba, anasema neno moja tu: fumua. Nilikuwa na miaka tisa. Foronya moja ya "Usiku Mwema" ilinila likizo nzima, na nadhani nilifumua zaidi ya nilivyoshona.

Siwezi kumfanyia hivyo mtu mzima. Mwanamke aliyelea watoto sita na kuendesha genge lake, ukimwambia fumua mbele za watu, Jumamosi ya pili utaambiwa ana msiba Pangani. Na bado bibi alikuwa na haki. Huo uzi ulioruka nyuma ndio unaonaswa na pete, ndio unaovutwa siku ya kufua. Nimeamua kufumua kutabaki, ila wa kwanza kufumua nitakuwa mimi, kazi yangu mwenyewe, mbele yao, nikikosea kweli na si kwa maigizo. Kwa haya macho yangu, nafasi ya kukosea haitakosekana.

Kuna pia kijana wa bodaboda aliyelipa ada kabla ya wote. Anataka kofia ya viua. Nimemwambia ile si ya kuanzia: unatoboa tundu, unalizungushia uzi libaki wazi, kisha la pili, la mia, na mia nyingine. Amesema atangoja. Tutaona.

Sasa siku ya kwanza. Mpango wangu, niliouonea fahari wiki nzima, ulikuwa kila mtu aandike jina lake kwa penseli kwenye kona ya kitambaa, kisha alifuate kwa mshono wa kurudi nyuma. Niliona nimepata dawa. Mwandiko wa mtu hauna makosa, ni wake, hakuna wa kumcheka. Nilikwenda kumwambia jirani yetu, ambaye ni wa nane katika orodha na wa kwanza kwa umri.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umeleta darasa au umeleta maneno?"

Nikamweleza. Akanyamaza, akaendelea kupepeta mchele. Kisha akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja bei, "Mimi jina langu naliweka kwa dole gumba."

Niliona aibu mpaka masikioni. Miaka yote hii tumekuwa tukienda pamoja dukani kununua kanga, na ni kweli, kila mara humuuliza muuzaji, "Hii jina lake nini?" Mimi nikidhani ni mazungumzo. Nyumbani anazitambua kwa mji, yaani mchoro wa katikati, na pindo, wala hakosei. Hajawahi kumfungia mtu maneno asiyoyakusudia. Mwaka 1970, ulipotangazwa kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, yeye alikuwa na ndoa changa, mumewe anafanya kazi kwenye shamba la mkonge. Wenzake walikwenda ngumbaro jioni. Mumewe akauliza nani atapika.

Nilitaka kuondoka, akaniambia nisubiri. Alirudi na bahasha ya plastiki yenye foronya tatu, nyeupe, zimekunjwa na karafuu ndani. Maua ya waridi, ndege wawili, na chini yake maandishi. Alizidarizi mwenyewe, akazitazamia kutoka kwenye foronya ya wifi yake. "Kila herufi niliifuata kama kijiti cha ua," alisema. Nilizigeuza kabla sijajizuia. Nyuma kusafi hata bibi angekosa la kusema. Nikazigeuza tena nikasoma. Ya kwanza, LALA SALAMA. Ya pili, LALA SALAMA. Ya tatu, LALA SAMALA.

Sikujua niseme au ninyamaze. Nikasema. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa upindo wa kanga. "Hiyo ndiyo aliyokuwa akilalia mume wangu," akasema. "Kumbe ndiyo maana alikuwa akikoroma."

Nimekata mstari wa majina. Siku ya kwanza kila mtu atachagua umbo moja dogo, kijiti, jani, herufi, lolote, na hakuna atakayeulizwa kwa nini amechagua hilo. Shangazi simwandikii ada. Nimemwomba akae upande wa pili wa mkeka awatazamie wenzake mgongo wa kazi. Amekubali kwa masharti mawili. La kwanza, nisimlazimishe kuvaa subana, ile kinga ya kidole ya kusukumia sindano, kidole chake kina subana yake tayari. La pili alilisema nikiwa nimeshafika kizingitini: kabla Jumamosi sita hazijaisha, nimchoree jina lake kwa penseli, kubwa, kwenye marikani, asilione mtu mwingine mpaka alimalize.

Jioni nimechora. Nimefuta mara mbili, herufi ya kwanza ilikuwa imelala upande.