Padi ya PS4 ya elfu 45, na ile ya elfu 35 niliyoijutia

Mchezaji wangu kwenye gemu ya mpira alikuwa anatembea mwenyewe. Padi, kile kidude cha mkononi cha kuchezea PS4 (mashine ya gemu, PlayStation 4), nimeiweka mezani, sijaigusa, lakini jamaa huyooo, anaelekea kwenye kibendera cha kona kama kaitwa na mtu. Kwanza nilimlaumu mpwa wangu, maana yeye akifungwa goli huisokota analogi, kile kijiti cha kidole gumba, kama anakamua chungwa. Ila tuseme ukweli, padi yenyewe ilikuwa imechezwa miaka sita. Ilikuwa na haki ya kuchoka.

Fundi wa mtaani kwetu Tabata aliifungua akanionyesha. Chini ya analogi kuna vijisahani vyenye utando wa kaboni, na kijimkono kidogo cha chuma kinachousugua kila unaposukuma. Utando ukishalika, padi inasoma mwendo ambao haupo. Akaisafisha kwa spiriti. Ikatulia siku tatu, ya nne mchezaji akaanza tena safari zake.

Nikashuka Kariakoo na 60,000 mfukoni. Duka la kwanza, Mtaa wa Aggrey, nikaambiwa OG, yaani padi halisi, mpya ni 160,000, kopi 35,000. "Bosi, hii nayo OG, tofauti ni kwamba hii ya China." Baadaye nyumbani nikageuza ile padi ya zamani nikasoma mgongoni: nayo imetengenezwa China. Lakini wakati huo nilishalipa.

Jioni naichomeka kwenye PS4 kwa waya wa simu, haisomi. Nikaanza kumtukana muuzaji kimoyomoyo, kumbe kosa langu: ule waya ulikuwa wa kuchaji tu. Mara ya kwanza PS4 huijua padi kupitia waya, kwa hiyo lazima uwe waya unaopitisha data, ndipo ubonyeze kitufe cha PS. Nikaazima wa jirani, ikakubali papo hapo. Furaha ikaishia hapo. Ukiigusa analogi kidogo, mchezaji hasogei. Ukiongeza nguvu kidogo tu, anachomoka mbio. Hakuna kutembea, hakuna pasi ya taratibu. Tundu la hedifoni nalo lilikuwa pambo, halitoi hata mlio. Mpwa wangu akaishika dakika mbili akairudisha: "Anko, hii ya kwako."

Safari ya pili niliisubiri mpaka mshahara, na nilikwenda na silaha moja: simu. DualShock 4, ndiyo padi halisi ya PS4, inatumia bluetooth, kwa hiyo hauhitaji PS4 kuijaribu. Unabonyeza SHARE na kitufe cha PS kwa pamoja, unashikilia mpaka taa ianze kumwekamweka haraka, unaiunganisha na simu, kisha unafungua kwenye kivinjari ukurasa wowote wa kupimia padi. Kila analogi inakuletea namba. Ukiiacha, namba ikae kwenye sifuri au karibu kabisa. Ukiisukuma polepole kwenda kulia, ipande polepole nayo mpaka 1. Ikiruka ghafla kutoka sifuri hadi nusu, ujue umekutana na ndugu yake ile yangu ya 35,000.

Safari hii niliuliza za mtumba. Ya kwanza inang'aa vizuri, haina mkwaruzo, lakini bila kuguswa inasoma 0.14. Nikairudisha. Ya pili imechubuka pembeni, kitufe cha X kimefifia, ila namba inacheza 0.02 na 0.03, na inapanda kwa ustaarabu. Muuzaji akanitazama: "Kaka, umekuja kununua au kukagua?" Nikacheka, nikaijaribu na vitufe vyote, vile vya nyuma vya L2 na R2 vikiwemo, kisha tukamalizana kwa 45,000.

Kasoro yake ilikuwa chaji: haikufika hata saa moja. Betri, tofauti na analogi, ni kitu cha kubadilisha mwenyewe. Skurubu nne mgongoni, unatenganisha taratibu kwa sababu kuna utepe mwembamba unaounganisha upande wa juu na wa chini, ukivuta kwa pupa unaukata. Nikanunua betri ya 10,000, kufika nyumbani plagi yake haiingii. Nikakumbuka taa: padi za toleo la 2016 zina mstari mwembamba wa mwanga juu ya ile sehemu bapa ya katikati inayoguswa kwa kidole, na plagi ya betri yao ni ndogo kuliko za zamani. Yangu ilikuwa na huo mstari, na mimi nilikuwa nimenunua betri ya padi za zamani. Nikarudi kubadilisha, nimeshika betri kuukuu mkononi kama sampuli, jambo ambalo ningelifanya tangu mwanzo.

Kuna pia padi zenye analogi za sumaku, ambazo hazina kitu cha kusuguana ndani. Nilizitamani, ila nilizozikuta zilikuwa za kompyuta, simu na Switch, mashine ya gemu ya Nintendo. Boksi lisipotaja PS4, usiamini mdomo wa muuzaji. Na kama unapanga kuhamia PS5, jua kwamba padi ya PS4 huko itakuchezesha gemu za PS4 tu, za PS5 zenyewe haziikubali.

Ukiniuliza nilitumia kiasi gani, nitakwambia 55,000. Mke wangu atakwambia 90,000, na hesabu yake ndiyo sahihi. Ile kopi bado ipo, imechajiwa muda wote. Wageni wakija kucheza, ndiyo wanayopewa.