"Mtoto", bila kuinua penseli

Leo nimefurahi mpaka nimeona niwaandikie.

Nafundisha darasa la pili. Wiki nzima mwanafunzi wangu mmoja alikuwa anaandika "mtoto" vipande vipande. Nikatazama karatasi nilizowachapia: fonti ya kawaida, kila herufi imesimama peke yake. Alikuwa ananakili kile alichokiona!

Jana usiku nikapakua fonti ya mwandiko wa kuunganisha, Playwrite TZ. Ni ya bure, iko Google Fonts, tovuti ya fonti ya Google, imetengenezwa na TypeTogether, kampuni ya kubuni fonti, kwa ajili ya mwandiko wa shuleni. Nchi nyingi zina ya kwao, na ya Tanzania ipo. Ukichapa neno, herufi zinashikana zenyewe. Angalieni o: mkia wake unatokea juu, siyo chini kama wa a. Hapo ndipo watoto wangu wengi hukwama.

Asubuhi nikampa karatasi mpya.

Akaanza m. Akapanda t, akazunguka o, akapita kwa juu kwenda t ya pili, penseli haijainuka. Darasa zima lina kelele, yeye hasikii.

Alipomaliza akatulia. Akarudi nyuma polepole, akaikata t ya kwanza.

Kisha ya pili.

Vimstari viwili vidogo. Mpaka sasa naviona.

Halafu akaniuliza, "Mwalimu, naomba niandike na jina la bibi?"

Walimu wenzangu, na nyie wazazi, watoto wenu wanakwama kwenye herufi gani wakiunganisha? Anayetaka karatasi hizi aseme hapa chini, nitamtumia.