Mnara Unaotazama Mjini

Mpwa wangu alikuja Lindi likizo, simu imejaa katuni za Kijapani. Mdomoni mwake haikuisha Attack on Titan ya Hajime Isayama, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2009. Watu wamejifungia ndani ya kuta tatu, Maria, Rose na Sina, zenye kimo cha mita 50, kwa hofu ya majitu yanayokula binadamu. Wanaishi salama zaidi ya miaka 100, hadi linapozuka jitu la mita 60, likachungulia juu ya ukuta na kulipiga teke lango.

Nikamwambia, "Mjomba, ngome ya kweli ipo hapahapa mkoani kwetu. Twende Kilwa."

Ndani ya basi nikampa habari za Konstantinopoli, Istanbul ya leo, ambayo kuta zake za karne ya 5 zilihimili mazingirwa mengi mpaka mizinga ya Mehmed II, Sultani wa Waturuki, ilipozibomoa mwaka 1453. Nangurukuru tukabadilisha gari, Kilwa Masoko tukachukua kibali na mashua.

Gereza la Kilwa Kisiwani, ndivyo inavyoitwa ngome hiyo, unaliona kabla hujashuka chomboni. Liko ufukweni kabisa, na mawimbi yamekwishala sehemu yake. Kijana akaenda moja kwa moja kuupapasa ukuta: mawe ya matumbawe yaliyoshikizwa kwa chokaa, vijitundu vyake bado vinaonekana, makali kiasi cha kukwaruza kiganja. Mzee aliyetuongoza akaeleza kwamba Wareno wa Francisco de Almeida waliuteka mji mwaka 1505, wakajenga ngome, kisha wakaihama mwaka 1512. Tunachokiona leo kwa sehemu kubwa ni kazi ya Waomani, ya miaka ya 1800 hivi.

Minara iko miwili, kwenye pembe zinazokabiliana. Mzee akatuonyesha hesabu yake: aliyemo katika kila mnara anazilinda kuta mbili, kwa hiyo watu wachache wanatosha kuzunguka ngome nzima kwa risasi. Mpwa wangu akasimama, akautazama mmoja, akageukia wa pili.

"Mjomba, ule unatazama bahari. Huu unaotazama mjini, unamlinda nani?"

Nimefundisha historia miaka mingi, na hilo ndilo swali ninalotamani kila mwanafunzi alifikie mbele ya ukuta wowote.

"Mwenye ngome alikuwa mgeni, mwanangu," mzee akamjibu. "Alikuwa na wasiwasi na bahari, na wasiwasi na wenyeji pia."

Kijana akachangamka. Akasema hata katika katuni yake mfalme aliyeweka zile kuta aliwafuta raia kumbukumbu zao, na ndani ya kuta zenyewe yamefichwa majitu. Mzee alimsikiliza mpaka mwisho, wala hakumkatiza.

Kisha tukatembea upande wa mashariki hadi Husuni Kubwa, kasri la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, la karne ya 14. Kwa kuwa husuni ni ngome, mpwa wangu alitarajia mizinga. Akakuta kumbi, nyua, na bwawa la kuogea lenye pembe nane, juu ya jabali, likiwa wazi kwa upepo wa bahari.

"Huyu hakuwa na adui?"

"Dhahabu ya Sofala, kule pwani ya Msumbiji, ilipitia mikononi mwake," mzee akasema. "Chombo kikionekana kule, yeye alijua ni mteja."

Kijana akakaa ukingoni mwa bwawa, akaanza kulichora.