"Down" ya mpwa wangu

Jumapili nilimwandikia mpwa wangu aliyeko Chicago: tunabadilisha mabati ya nyumba ya dani yake, yaani nyanya yake, kule Ahero, je, atachangia? Akajibu kwa maneno mawili tu: "I'm down."

Nilishtuka. Hapa Kisumu mtu akisema yuko "down", basi ni malaria au mfuko umekauka. Nikamtumia pole, nikamwambia asahau mabati, apumzike kwanza. Mama naye nilimpigia simu, akaanza kumwombea.

Baada ya saa moja kijana akapiga, sauti imejaa hofu: "Mjomba, nani mgonjwa?"

Kumbe kwa Wamarekani "I'm down" ni kukubali: nipo, twende kazi. Huzuni ni "I'm feeling down". Kinachonisumbua zaidi ni hiki: "down with the flu" ni kuugua homa ya mafua, ilhali "down with the plan" ni kuridhia mpango. "With" ni ileile! Lazima usubiri neno la mwisho ndipo ujue kama utoe pole au asante.

Fundi anaanza Jumatatu. Nimemwomba mpwa wangu siku nyingine aniandikie "nakubali", maana Kiswahili chake bado ni kizuri sana.