Tulivyokubaliana Mkunazini kupunguza viyoyozi na saruji

Tangu nyumba ya marehemu baba, hapa Mkunazini, Mji Mkongwe wa Unguja, ibaki mikononi mwetu sisi watoto wake, ushauri nilioupata ulikuwa mmoja tu: bandua chokaa upige saruji, ng'oa madirisha ya mbao utie vioo, halafu funga kiyoyozi kila chumba. Fundi aliniambia hivyo, jamaa zangu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya Mji Mkongwe, wakaniambia hivyo, na kuna mtu alikuja hadi mlangoni na bei yake kaandika kabisa. Nilikataa. Sasa watu wananisimamisha Darajani kuniuliza tulifanyaje, wenye nyumba na wapangaji wa mtaa mzima tukakaa pamoja, na habari yenyewe ni ndefu kuielezea njiani nikiwa na kikapu mkononi.

Nyumba yetu ni ghorofa mbili juu ya maduka. Kuta zake ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa na udongo mwekundu, unene wake dhiraa moja na zaidi. Dari imebebwa na boriti za mikoko, na ndiyo maana vyumba vya Mji Mkongwe ni vyembamba na virefu: upana wa chumba unafuata urefu wa boriti. Ukuta wa namna hii unachelewa kupata moto. Jua la saa nane linaupiga kwa nje, ndani hulisikii mpaka magharibi, na hapo tayari upepo umeshaanza kuingia. Waliobuni haya walijua wanachokifanya. Waliokuwepo Unguja kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010, umeme wa kutoka Bara ulipokatika kisiwa kizima kwa karibu miezi mitatu, wanakumbuka nani aliyelala na nani aliyehamia juu ya paa na mkeka wake. Wenye vioo ndio waliohama.

Saruji juu ya ukuta wa chokaa ni balaa, na nitasema hivyo mbele ya fundi yeyote. Unyevu unapanda kutoka ardhini, unatafuta pa kutokea, na lipu ya saruji haiuachii. Masika ikipita mara mbili tatu chumvi inachanua, lipu inavimba na kubanduka mapande mapande pamoja na chokaa iliyokuwa nyuma yake. Nyumba ya pili kutoka kwetu ilipigwa saruji na kupakwa rangi ya kung'aa, kila mtu akaisifu. Mwenyewe aliponiita nikaone, nilitia mkono nyuma ya lipu iliyovimba nikatoa udongo mbichi. Boriti iliyoingia pale ukutani tuliichoma kwa bisibisi, ikazama mpaka kwenye mpini. Kwa juu chumba kilikuwa kipya kabisa.

Na hapo sijagusa hewa ukaa. Saruji peke yake inachangia karibu asilimia 8 ya hewa ukaa inayotokana na binadamu duniani. Tanuri lake linataka joto la nyuzi kama 1,450, na jiwe lenyewe likiungua linaachia hewa ukaa iliyokuwa ndani yake. Chokaa nayo inatoka kwenye jiwe hilo hilo, lakini inatosheka na nyuzi kama 900, na ikishapigwa ukutani inaivuta tena polepole hewa ile iliyotoka kwenye jiwe, ndivyo inavyorudi kuwa ngumu. Moshi wa kuni hairudishi, na hilo nitalifikia.

Mimi nyumba yangu ningeweza kuitengeneza kimya kimya. Lakini vichochoro vyetu vinajulikana, ukuta wangu ndio ukuta wa jirani, na mtambo wa kiyoyozi chake unapuliza joto lote kwenye dirisha langu. Usipokubaliana na mtaa umepoteza pesa zako. Kwa hivyo nikamwendea sheha, kiongozi wa mtaa wetu, akaitisha kikao barazani baada ya laasiri.

Kikao kile kilivunjika vibaya. Walikuja vijana wawili wa chuo cha ufundi waliojitolea kutusaidia, wakaomba waanze wao, wakazungumza tani za hewa ukaa na kuongezeka kwa joto duniani, na kila walichosema kilikuwa kweli. Watu wakawasikiliza kwa adabu. Mzee mmoja, tunamwita Maalim, akasema, "Mwanangu, mambo hayo waachieni wenye viwanda." Kisha yakatoka ya moyoni. Mwenye nyumba akasema, "Mimi nitoe pesa zangu nitengeneze, halafu nafuu ya umeme aipate mpangaji?" Mpangaji wake, kakaa pale pale, akamjibu, "Na wewe ukishatengeneza utanipandishia kodi, bora nibaki na joto langu." Fundi wa mafriji akauliza yeye atakula wapi viyoyozi vikipungua. Ilipofika adhana ya magharibi watu walikuwa wameshasimama, na wawili hawakusemezana mpaka Ijumaa.

Lakini mimi nilitoka pale na jambo. Shida yetu iligawika: anayelipa si anayefaidika. Huyu ana ukuta, yule ana mita. Ukiwahimiza watu wapende mazingira bila kuigusa shida hiyo, wataitikia wote na hakuna atakayenunua debe la chokaa.

Nikaanzia kwenye mita. Kila anayenunua umeme wa Tukuza, ule wa kulipia kabla, anapata ujumbe kwenye simu, na wengi wetu hatuufuti. Nikapita kwa kina mama, nyumba hadi nyumba, nikaomba wanionyeshe ujumbe wa miezi ya kaskazi, Januari na Februari, ambapo joto halina huruma. Wakanipa simu zao. Nikaandika kwenye daftari la skuli: nyumba, vyumba vingapi, vioo au mbao, viyoyozi vingapi, uniti ngapi. Nyumba za vioo zilikuwa zinakula mara mbili ya wenzao, mahali pengine mara tatu. Si ajabu, maana kiyoyozi cha nguvu farasi moja na nusu kikifanya kazi mfululizo kinakula kama uniti moja kwa saa, na feni la darini likizunguka usiku kucha haliifikii uniti moja.

Halafu nikatayarisha vyumba viwili. Nyumbani kwetu ghorofa ya kwanza kuna chumba ambacho mpangaji wa zamani alikitia vioo na lipu ya saruji. Hicho sikukigusa. Cha pili kiko upande ule ule na jua lao ni moja. Hiki nikakifungua: nikang'oa misumari kwenye madirisha ya mbao, nikatoa ubao uliozibwa kwenye tundu la hewa juu ya mlango, nikabandua saruji ya chini, fundi akapiga chokaa, tukatundika feni. Usiku madirisha yote wazi, asubuhi saa mbili tunafunga ya upande wa jua na kubakisha ya kichochoroni. Hili wengi hawalijui siku hizi. Wanafikiri dirisha lifunguliwe mchana kutwa, ukifanya hivyo unaliingiza joto mwenyewe.

Nikanunua vipimajoto viwili vya bei rahisi, nikavitundika, nikawaita wale wale wa kikao. Mwezi wa pili, baada ya adhuhuri. Kahawa nikaiandaa chumba cha vioo kwanza, kiyoyozi kimezimwa. Hawakufika nusu saa, mashati yameshika mgongo. Nikasema, "Tuhamieni hapa jirani." Hakuna aliyenihitaji nieleze kitu. Tofauti ilikuwa nyuzi tatu hadi nne, lakini nusu yao hawakukitazama hata kipimajoto. Maalim alivua kofia, akaegemea ukuta kwa kiganja, akakaa pale mpaka laasiri. Alipoinuka swali lake lilikuwa, "Fundi wa chokaa ni nani, na anataka kiasi gani?"

Makubaliano tuliyaandika baada ya hapo, sheha akiwa shahidi. Mwenye nyumba ananunua vifaa na kumlipa fundi. Mpangaji, kwa miaka miwili, anamrudishia sehemu ndogo ya kile anachookoa kwenye umeme, na kodi haipandi ndani ya miaka hiyo. Madaftari ya uniti yanabaki kwa kina mama, maana ujumbe wa umeme unatoka kwenye simu zao na kwao hakuna anayebishana. Mwenye nyumba mmoja anaishi Muscat, tukamsomea kwa simu, akakubali kwa sauti yake na tukaihifadhi. Nyumba za wakfu zilikwenda kwa barua na zikachukua muda wake.

Kibali msikifanyie mchezo. Nendeni Mamlaka ya Hifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe kabla hamjabandua hata kipande. Mji huu uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000. Nyumba hizi tukiziachia zitaanguka. Beit el Ajaib, jumba kongwe la Forodhani, sehemu yake ilituangukia Disemba 2020 na watu wakafa.

Sasa kuni. Tanuu la chokaa la kienyeji ni magogo yaliyopangwa duara, mawe ya matumbawe juu yake, na moto unashuka katikati. Linakula kuni nyingi sana, na kama kila nyumba inaagiza chokaa kivyake hujui magogo yametoka wapi. Tulikubaliana na mchomaji mmoja wa shamba: nyumba zote tunaagiza pamoja, tanuu moja, na kuni ni minazi iliyozeeka na isiyozaa tena. Mkoko marufuku, mwembe mbichi marufuku. Bei ikashuka pia, maana gari lilikuja mara moja badala ya kila wiki. Chokaa ikae ndani ya maji miezi mitatu kwa uchache kabla ya kupigwa. Fundi anayekuambia wiki mbili zinatosha ana haraka ya kwenda kazi nyingine.

Jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, na ambalo sikuwahi kumsikia mtu akilizungumza mtaani, ni gesi ya viyoyozi. Hatukuviondoa vyote. Nina vyumba vya wageni juu, na kuna wagonjwa na wazee, basi tumeviweka nyuzi 25 na kuviwasha usiku tu. Lakini zamani fundi akija kuhamisha mtambo alikuwa anafungua bomba, gesi yote inapiga mluzi kichochoroni, watoto wanacheza pale. Gesi ya R410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi, kilo moja ikitoka hewani, inapasha dunia joto sawa na tani mbili za hewa ukaa, na kiyoyozi cha kawaida cha chumbani kinachukua kama kilo hiyo moja. Na kinachovuja kidogo kidogo kinajazwa kila mwaka. Fundi analipwa kwa kujaza, sasa kwa nini autafute ufa?

Tukamgeuzia malipo. Yule yule aliyeuliza kikaoni atakula wapi, mtaa unamlipa kwa mwaka, kila kiyoyozi kiasi chake, na gesi ya kujazia inatoka mfukoni mwake. Hapo alitafuta nyufa zote bila kuambiwa, akipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo na kulitazama. Akanunua pampu na mtungi wa kunyonyea gesi kutoka kwenye mitambo ya zamani, sisi tukamkopesha nusu. Kiyoyozi kinachokufa tunakibadilisha kwa cha R32, ambacho gesi yake ina thuluthi ya madhara ya ile. Leo kijana huyu anaitwa mitaa mingine kwa kazi hiyo hiyo, na mimi namwonea fahari.

Kuna wanaoniambia tumechelewa, kwamba sasa umeme unafuliwa kwa maji ya Rufiji, bwawa la Julius Nyerere lina megawati 2,115, basi tuwashe tu. Nami nafurahi kwa bwawa. Umeme wetu unatoka gridi ya Bara, unapita chini ya bahari kutoka Ras Kiromoni mpaka Fumba, na gesi asilia bado imo kwenye gridi ile. Zaidi ya hapo, mfuko wa saruji na kilo ya R410A haziulizi umeme umefuliwa wapi. Wengine wananitajia nyumba za mbao zinazojengwa Fumba. Ni jambo jema kwa anayejenga upya. Nyumba yangu imeshajengwa, chokaa yake imeshachomwa na mawe yake yameshabebwa zamani, na kuitunza isimame ndiyo njia ya kutochoma mengine.

Maji ya moto ya wageni tumeyapeleka kwenye tangi la jua juu ya paa, nyuma ya ukingo lisionekane na barabara, kama kibali kinavyotaka. Paneli bado, pesa hazijatosha. Kaskazi ijayo tunataka kuzishughulikia paa za bati, kufungua matundu chini ya bati joto litoke, maana ghorofa za juu bado wanalalamika na wana haki.

Nyumba mbili zimekataa kuingia na tunasalimiana vizuri. Karatasi ya makubaliano ina kurasa mbili, nakala iko kwa sheha wetu, na mtaa wowote unaweza kuichukua na kubadilisha wanavyotaka. Anzeni na kifungu cha kodi, kiandikeni mbele ya wapangaji wenyewe, na hayo ya chokaa na gesi yafuate baadaye.