Mpingo kwenye meli ya miaka 3300

Picha za maji ya bluu ntazirusha tu msijali, naona mnavyonisumbua WhatsApp, ila kitu kilichonikaa kichwani toka nirudi Kigoma kutoka safari ya boti Uturuki ni mpingo. Yaani mpingo huu huu wetu wa kuchongea vinyago. Ulikuwa kwenye shehena ya meli iliyozama pwani ya Uturuki karne ya 14 kabla ya Kristo, miaka kama 3300 iliyopita, Roma yenyewe hata haijawa mji.

Wataalamu wanaiita meli ya Uluburun, ndo jina la rasi ilikozamia, karibu na mji wa Kaş. Mwaka 1982 mzamiaji wa sponji aliona kule chini vipande vya madini vyenye kama masikio, akasimulia, habari zikawafikia watu wa akiolojia, wakaanza kazi 1984 na hawakumaliza mpaka 1994. Mzigo ulikuwa umelala zaidi ya mita 40 chini ya maji, kwahiyo mtu akizama anakaa dakika chache tu anapanda, anapumzika, anashuka tena, na jumla walizama zaidi ya mara 22,000. Fikiria hiyo subira. Na walichotoa sasa: shaba kama tani 10, inasemekana ya kutoka Saiprasi, bati kama tani moja (ukivichanganya hivyo viwili unapata bronzi, ndo silaha zote za enzi hizo), mabonge ya kioo cha bluu, mitungi imejaa utomvu wa miti, maganda ya mayai ya mbuni, pembe ya ndovu, meno ya kiboko zaidi ya kumi, na magogo ya mpingo.

Sisemi ule mpingo ulitoka kwetu, mti huu unaota mpaka Sudan na Ethiopia huko na njia yake ya kufika baharini ilikuwa ni Misri. Lakini aisee mi ni mtoto wa Ujiji. Nimekulia kwenye mji ambao karne ya 19 ulikuwa mwanzo wa njia ya pembe, Ujiji, Tabora, mpaka Bagamoyo, na tunajua vizuri ni mabega ya nani yalibeba na kwamba wengi wao hawakuulizwa kama wanataka. Kwahiyo nilivyoona ndovu na kiboko na mpingo kwenye meli moja sikufikiria wafalme waliokuwa wanapelekewa ule mzigo. Nilifikiria mtu aliyekata lile gogo. Mpingo ni mgumu jamani, muulize fundi yeyote anayeuchonga, unamla msumeno, na mtu wa enzi hizo kaukata, kaukokota mpaka mtoni, ukashuka na Nile, ukapakiwa, ukazama.

Yote haya yako Bodrum, kwenye makumbusho ya akiolojia ya chini ya maji, ndani ya ngome waliyoijenga mashujaa wa Mtakatifu Yohane (wapiganaji wa kidini wa Kikristo) kuanzia mwanzoni mwa karne ya 15. Ngome yenyewe ni historia juu ya historia, maana walichukua mawe ya lile kaburi la mfalme Mausolus, moja ya maajabu saba ya dunia ya kale, wakayajengea kuta. Ukumbi wa Uluburun wameitengeneza upya sehemu ya meli na mzigo wake, ile shaba imepangwa safu safu imelaliana, unaona kabisa jinsi mpakiaji alivyohangaika kusawazisha uzito. Mtu aliyewahi kupakia boti pale Kibirizi, Kigoma, ataielewa hiyo kazi bila kusoma maelezo ukutani. Nilisimama mpaka dada akanifuata, boti inatoka.

Nilifikaje huko? Binti wa mama mkubwa ameolewa Izmir, na shemeji na ndugu zake walikodi boti nzima, wakaniambia njoo. Boti zao zinaitwa gulet, za mbao, pana nyuma, zina milingoti na vyumba vya kulala chini, kwa asili ni boti za wavuvi wa sponji na wabeba mizigo wa pwani ile ile ya Bodrum, zikaja kugeuzwa za watalii. Niseme ukweli kwa anayefikiria kwenda: muda mwingi mnatembea na injini. Tanga linapandishwa upepo ukikubali, na ukikubali ni raha ya ajabu, injini inazimwa na unasikia mbao zinalia na maji yanapita ubavuni. Kiangazi unavuma upepo wa kaskazini wanaouita meltemi, anga iko safi kabisa, hakuna wingu, halafu bahari inachafuka tu. Sisi kwetu kusi linavuma miezi hiyo hiyo na linatokea upande mwingine, ila tabia ni ile ile, nahodha mwenye akili anatoka alfajiri na ikifika mchana keshajificha ghubani.

Kutia nanga ndo kulinifurahisha zaidi. Ghuba zao zina kina ghafla kama Tanganyika, unaacha ufukwe hatua chache hakuna chini, kwahiyo wanadondosha nanga mbele, boti inarudi kinyumenyume, halafu baharia anaruka na kamba anaogelea mpaka nchi kavu anaifunga kwenye mwamba au mti wa msonobari. Na maji hayakupwi, labda kidogo sana huwezi kuona. Mtu wa Zanzibar angeshangaa, mi nilijiona niko nyumbani, tofauti ni chumvi tu, na ni kali kuliko ya Dar.

Knidos tulifika jioni. Ni mji wa kale kwenye ncha ya rasi ya Datça, una bandari mbili mgongo kwa mgongo, ndogo ya manowari na kubwa ya biashara, na meli za zamani zilikuwa zinasubiri hapo upepo ubadilike ndo zizunguke rasi. Mji ulitajirika kwa kuwa watu wamekwama! Waliwauzia chakula, mvinyo, na watu walikuwa wanashuka kwenda kuangalia sanamu ya Afrodite, mungu wa kike wa mapenzi, kazi ya mchongaji Mgiriki Praxiteles, iliyowavuta mabaharia toka mbali. Leo kuna viti vya mawe vya ukumbi wa maonyesho vinatazama maji, mbuzi, na upepo. Simba mkubwa wa marumaru aliyekuwa juu ya kaburi kwenye miamba ya jirani yuko London, Mwingereza Charles Newton alimchukua mwaka 1858, tani kadhaa za jiwe. Shemeji aliniambia hilo kwa uchungu na mi nikamwambia habari za mjusi wetu wa Tendaguru, yaani yule dinosaria, aliyesimama Berlin, tukakaa kimya kidogo halafu tukaendelea kuongea mpaka usiku mkubwa.

Kos sikushuka, ni Ugiriki na mi sina viza ya Schengen. Lakini unaiona. Ukiwa Bodrum kisiwa kiko pale mbele, usiku unahesabu taa, karibu kuliko Kongo ilivyo kutoka Kigoma. Na hapo ndo safari ilibadilika kwangu, maana mkondo huo huo mdogo ndo ule wa 2015, Wasyria na wengine wanavuka usiku kwenye mipira ya kujaza upepo, na tarehe 2 Septemba mwaka ule mtoto mdogo alikutwa amekufa ufukweni karibu na Bodrum, ile picha dunia nzima iliiona.

Sisi 2015 tulikuwa tunaangalia kitu kingine. Mwezi wa tano Warundi maelfu kwa maelfu, wanaokimbia machafuko ya kwao, walijaa Kagunga, kijiji kimebanwa kati ya mlima na ziwa, hakuna barabara, na kipindupindu kikaingia. Meli yetu ya ziwani, Liemba, ndo iliyokwenda kuwachukua, safari baada ya safari, wanashushwa Kigoma, wanakaa uwanja wa Lake Tanganyika, halafu mabasi mpaka kambi ya Nyarugusu. Wengi mnaosoma hapa mlikuwepo, mlipeleka maji na nguo. Nilimweleza mama mkwe wa dada habari hiyo, dada anatafsiri, na yule mama akasema yeye kiangazi kile alikuwa anapika supu kwa sufuria kubwa anapeleka kwa waliokuwa wamelala bustanini wanasubiri kuvuka. Akanishika mkono. Ni miezi ile ile, yeye kule mi huku.

Sasa nina wazo na naomba mlichukulie kwa uzito. Ziwa letu lina njia kama ile na zaidi. Unatoka Kigoma, unapita Ujiji, unafika usawa wa mdomo wa Malagarasi ambako Wajerumani waliizamisha Liemba wenyewe mwaka 1916 ikiwa bado inaitwa Graf von Götzen, unateremka mpaka Karema ambako Wabelgiji walijenga kituo 1879 kabla ya mapadri kukipokea, Kipili, halafu Kasanga kwenye boma la Mjerumani. Kila kituo kinakuwa na mzee wa hapo anayesimulia, kulala ni kwenye boti au mchangani, chakula mgebuka na ugali wa muhogo. Ni Juni mpaka Septemba ndo kusi kali, kwahiyo mi naona tuanze mwezi wa kumi kabla mvua hazijakolea.

Mwenye boti ya mbao yenye kivuli, choo na makoti ya kuokolea ya kutosha kila mtu, aniandikie. Njia na wazee wa kusimulia ntawatafuta mimi.