Siku moja ya fundi bomba, Tanga

Saa 12 asubuhi simu inaita, chai bado iko mezani. Ni mwalimu mmoja wa Chumbageni: bili ya maji imepanda na nyumbani wako watatu tu. Namwambia asifungue bomba lolote mpaka nifike. Spana, msumeno na waya wa kuzibulia nafunga kwenye keria ya baiskeli. Tanga kila mtu ana baiskeli, ila yangu hupishwa njia. Watu wanajua imebeba nini.

Saa 1 na nusu. Koki zote zimefungwa, lakini kile kigurudumu kidogo cha mita kinazunguka. Maji yanakwenda mahali. Nikamimina chai ya rangi iliyolala kwenye tangi la choo, tukakaa robo saa bila mtu kuflashi. Maji ya chini chooni yakageuka chai. Mpira wa ndani ulikuwa umechoka, unavujisha mchana na usiku bila kelele. Uniti moja ni lita 1,000, yaani ndoo kubwa 50, na mwalimu alikuwa anazilipia bila kuzitumia.

Saa 3 hadi saa 5, koki mbili Makorora na bomba la uani Mabawa. Za kubadili washa tu, kile kipira cha ndani ya koki. Ila msidharau tone: likidondoka moja kila sekunde, kesho saa kama hiyo ndoo ya lita 20 imejaa.

Saa 6, Ngamiani, kwa mama anayepika chakula cha kuuza. Hapa ndipo siku ilipoishia.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Fundi wa juzi kaniharibia sinki.”

Fundi wa juzi maskini, kila nyumba ninayoingia kosa ni lake. Nikauliza wanamwaga nini humo. “Maji tu.” Tena tangu asubuhi alikuwa kafungulia bomba lote eti yasukume uchafu. Maji yale yote yalikuwa yamesimama kwenye sinki, ya kijivu, yana ngozi juu.

Nikayachota, nikafungua kile kipinde cha bomba chini ya sinki. Kikatoka kipande cheupe, kigumu kama mshumaa. Ndani yake chicha ya nazi, punje za wali, majani ya chai, magamba ya samaki na kijiko.

“Kumbe kiko huku!” Akakinyakua, akafungua bomba akisuuze. Kipinde nimekishika mimi mkononi, sinki haina chini. Maji yote yakaishia mapajani mwangu.

Nikamuuliza: “Mama, asubuhi mafuta yako ya nazi yalitoka kwenye chupa?”

“Thubutu! Kusi hili? Mpaka niyaanike.”

“Basi na ya tui hugandia huko bombani.” Mafuta ya nazi hushikana joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, ndiyo maana Julai sipumziki. Akanitazama kama namtukania mapishi.

Bado maji hayakwenda. Maana yake uziba uko mbele, kwenye chemba, lile shimo lenye mfuniko la kuzibulia bomba la maji machafu. Chemba iko wapi? Kaisakafia. Alipopanua jiko akaona mfuniko unamharibia sura, akaumwagia saruji. Tindo na nyundo, jua la Ngamiani, suruali mbichi. Saa sikuiangalia tena. Mgongo ulikuwa unauma mpaka kwenye meno ndipo mfuniko ukainuka, na harufu sitaisimulia. Waya ukaingia, nikauzungusha, ukakwama, nikaurudisha, hivyo hivyo mpaka nikasikia ile sauti ya bomba kumeza. Sauti hiyo naipenda, nisiwafiche.

Nikamwambia: sufuria ifute kwa gazeti kabla ya kuosha, chicha wape kuku, weka chujio, suuza vyombo kwenye beseni na maji yale yasukumie choo.

“Sawa. Sasa kuzibua tu ndiyo 30,000?”

Tukashindana mpaka 20,000 na sahani ya wali wa nazi na changu. Nilikula nimesimama, kwa nguo zile ningekalia kiti cha nani?

Nyumbani nilioga uani kabla sijaruhusiwa kuvuka kizingiti. Nikiwa nasugua kucha kwa ndimu, simu. Yule mama.

“Fundi, maji yanakwenda kama mto, Mungu akubariki. Ila ile chemba inaniharibia jiko. Kesho nitie saruji?”